Safari ya Kuufuata Umeme wa Mwili

Bologna ni mji wa vibaraza. Mtu anaweza kuuzunguka mchana kutwa, mvua inanyesha, naye asilowe, kwa kuwa njia za miguu zimepita chini ya matao yanayobeba ghorofa za juu za nyumba. Nyuma ya kanisa kubwa la San Petronio matao hayo yanafunguka kwenye kiwanja kidogo, na hapo amesimama Luigi Galvani wa marumaru, kichwa amekiinamisha, macho ameyakaza kwenye kibao alichokishika. Juu ya kibao kuna chura. Watalii wengi hupita wakielekea madukani bila kumtupia jicho. Mimi nilikuja Italia kwa ajili yake.

Galvani alikuwa tabibu na mwalimu wa anatomia wa mji huu huu. Katika miaka ya 1780, akifanya kazi pamoja na mkewe Lucia Galeazzi, aliona mguu wa chura aliyekwisha kufa ukirusha teke pale kisu kilipogusa neva huku mashine ya umeme ikitoa cheche karibu. Alilirudia jaribio hilo kwa namna nyingi, akajaribu hata umeme wa radi, na mwaka 1791 akachapisha hoja yake kwamba mwili wa mnyama una umeme wake wenyewe. Alessandro Volta wa Pavia akampinga. Kwa Volta, umeme ulitoka kwenye metali mbili tofauti zilizogusana, na mguu wa chura ulikuwa unaupokea tu. Ubishi huo ndio uliomfanya Volta apange visahani vya metali kimoja juu ya kingine hadi akapata betri ya kwanza duniani, aliyoitangaza mwaka 1800. Galvani hakuwahi kuiona. Alifariki mwaka 1798, mwaka ule ule alioondolewa kazini kwa kukataa kula kiapo cha utii kwa serikali mpya iliyoletwa na majeshi ya Napoleon. Wote wawili walikuwa na haki: metali huzaa umeme, na mwili nao huzaa wake.

Hatua chache kutoka kwenye sanamu ni Archiginnasio, jengo la zamani la chuo kikuu, na ghorofani kuna ukumbi wa anatomia uliojengwa karne ya 17 kwa mbao: kuta, dari, na viti vilivyopanda ngazi kwa ngazi. Bomu la mwaka 1944 liliubomoa, na baada ya vita ukajengwa upya. Katikati kuna meza ya marumaru nyeupe, mahali maiti ilipolazwa. Kiti cha mwalimu kina paa dogo la mbao, na paa hilo limebebwa na wanaume wawili waliochongwa bila ngozi, kazi ya Ercole Lelli ya mwaka 1734. Nilisogea karibu nao kadiri kamba ya walinzi ilivyoniruhusu. Misuli ya mapaja imepita mahali pake hasa, kano za magoti zimekazana, mbavu zinahesabika. Lakini ujuzi ule wote ulitoka kwa wafu. Ukumbi mzima unafundisha mwili ulivyo baada ya kunyamaza, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo lilipo tatizo ambalo wataalamu wa tishu wamelibeba tangu enzi hizo. Ukitaka kuona kila kitu sharti uue, na ukimwacha kiumbe aishi, mengi hubaki yamefichika.

Karne mbili zilizofuata zilikuwa za kusikiliza. Mwanzoni mwa karne ya 20 Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alitengeneza chombo chenye uzi mwembamba mno uliotikiswa na umeme wa moyo, na karatasi ya ECG anayotoka nayo mgonjwa wa hospitali ya Muhimbili au Mulago (mchoro wa umeme wa moyo) hadi leo inasomwa kwa herufi alizozichagua yeye, P, Q, R, S na T. Mwaka 1939 Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wakiwa Plymouth kwenye pwani ya Uingereza, walitumbukiza elektrodi ndani ya neva nene ya ngisi wakapima umeme wake kwa ndani. Katika miaka ya 1970 Erwin Neher na Bert Sakmann, huko Göttingen, Ujerumani, wakafika mahali pa kupima mkondo unaopita kwenye tundu moja la utando wa seli. Usikivu ulizidi kila kizazi. Kilichobaki kigumu ni kumjua anayesema: seli hii iliyotoa umeme ni ya aina gani, jeni zake zipi zinafanya kazi, na jirani zake ni akina nani.

Kwa swali hilo nilivuka bahari hadi Boston.

Treni ya mstari mwekundu, ikitoka katikati ya jiji hilo, huibuka kutoka chini ya ardhi karibu na hospitali ya Massachusetts General, ikapanda daraja la Longfellow, na kwa muda mfupi abiria wanauona mto Charles pande zote mbili, mashua za tanga zikielea chini. Kisha inazama tena na kusimama Kendall. Huko ndiko alikonipokea mwenyeji wangu, kijana wa Kilifi anayesomea uzamivu katika uhandisi wa tiba, ambaye mama yake tulisoma pamoja.

"Shikamoo, shangazi," alisema, na begi langu likawa begani kwake kabla sijajibu.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Alicheka, akaniongoza juu barabarani.

Kendall zamani ilikuwa mitaa ya viwanda, mahali pa kutengenezea sabuni na peremende. Leo ni safu za majengo ya kioo, na karibu kila mlango una jina la kampuni ya dawa au ya jeni. Taasisi ya Broad, iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa MIT, Harvard na hospitali zake, ina makao yake hapa, na kituo chake cha kusomea DNA kiliwekwa katika ghala lililowahi kuhifadhi bia na bisi za uwanja wa besiboli wa Fenway. Mradi wa kuisoma jenomu ya binadamu, uliotangazwa kukamilika mwaka 2003, uliegemea sana maabara za mtaa huu. Mradi ule ulitupa herufi bilioni 3 hivi za DNA, na ndani yake jeni zipatazo 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Ila seli ya moyo na seli ya ini za mtu mmoja zina jenomu ile ile. Zinatofautiana kwa sababu ya jeni zilizowashwa na zilizozimwa, na dalili ya jeni iliyowashwa ni RNA, nakala fupi fupi zinazotolewa kwenye DNA na kupelekwa kufanya kazi.

Mwaka 2015 watafiti wa Harvard na Broad walionyesha jinsi ya kuzifungia seli maelfu, kila moja katika tone lake dogo la maji, na kusoma RNA ya kila moja peke yake. Ilikuwa hatua kubwa sana. Gharama yake ni kwamba tishu lazima kwanza itawanywe, seli zitenganishwe moja moja. Ni kama kuwachukua wakazi wote wa Kariakoo, kuwapeleka uwanja wa mpira na kumuuliza kila mtu kazi yake: utajua kuna mafundi cherehani wangapi na wauza samaki wangapi, lakini hutajua nani aliishi chumba cha jirani na nani, wala nani alikuwa akimkopesha nani.

Ndiyo maana mbinu iliyofuata inanisisimua zaidi. Mwaka 2018, katika jarida la *Science*, Xiao Wang na wenzake, wakati huo akiwa Stanford katika maabara ya Karl Deisseroth, walieleza STARmap, njia ya kusoma RNA bila kuiondoa mahali pake katika tishu. Wang sasa ana maabara MIT na Broad. Mwenyeji wangu alinikalisha kwenye benchi la ukumbi, akafungua kompyuta yake, akanionyesha picha ya ukanda mwembamba wa ubongo wa panya uliosomwa kwa njia ya namna hiyo. Mwanzoni niliona giza lenye vumbi la rangi. Akakuza. Vumbi likawa nukta, nyekundu, kijani, buluu na manjano, zimejazana ndani ya mipaka ya mviringo. Kila mviringo ni seli, na kila nukta ni nakala ya RNA iliyonaswa.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Tishu hugandishwa kwa kemikali isibadilike tena. Vipande viwili vya DNA vilivyotengenezwa maabara humwagwa juu yake, navyo hutafuta RNA ya jeni fulani na kushikamana nayo, kimoja kando ya kingine. Vikiwa pamoja tu ndipo duara dogo la DNA huungwa, na kimeng'enya hulizunguka duara hilo tena na tena hadi nakala zinakuwa fungu kubwa la kutosha kuonekana kwa hadubini. Kisha kila kitu hufungwa ndani ya jeli safi isiyozuia mwanga, na fungu husomwa kwa rangi, mzunguko baada ya mzunguko. Mfuatano wa rangi ndio unaotaja jina la jeni. Kazi ya mwaka 2018 ilianza na jeni 160 na kufika 1,020 katika tishu moja. Kila jeni limesomwa pale pale lilipokuwa, na mtaa umebaki mzima.

Umebaki mzima, lakini umekufa. Wakazi wako vyumbani mwao, kazi zao zinajulikana, na hakuna anayesema.

Siku iliyofuata tulipanda basi linalopita Western Avenue, tukavuka mto hadi Allston, upande wa Boston, ambako Harvard ilifungua mwaka 2021 jengo jipya la sayansi na uhandisi. Limevikwa vibao vya chuma kisichoshika kutu, vilivyokunjwa kwa vipimo ili vizuie jua la kiangazi na kuliingiza la majira ya baridi. Humo ndimo ilimo maabara ya Jia Liu, mhandisi ambaye jina lake limekuwa likirudi katika kila nilichosoma kuhusu habari hii.

Liu alianza na swali la ugumu. Elektrodi za kawaida za ubongo hutengenezwa kwa silikoni au metali, na silikoni ni ngumu kuliko ubongo kwa mamilioni ya mara. Mtu anapumua, moyo unadunda, ubongo unatikisika kidogo kila mara, na kile kijiti kigumu hakitikisiki pamoja nao. Kinakwaruza. Seli za kinga hukizunguka, kovu hujengeka, na baada ya muda sauti hufifia. Mwaka 2015, akiwa katika kundi la Charles Lieber huko huko Harvard, Liu alishiriki kuonyesha wavu wa elektroniki ulio laini kiasi cha kupita kwenye sindano na kujifungua ndani ya ubongo wa panya. Mwaka 2019, akiwa na maabara yake, kundi lake lilichapisha kazi iliyopiga hatua ya pili. Walitandaza wavu wa namna hiyo juu ya karatasi bapa ya seli shina. Seli zilipoanza kujikunja na kujikusanya kuwa oganoidi, yaani kijitishu kinachofanana na sehemu ya kiungo, ziliuvuta wavu ndani yao. Hakuna mkono uliousukuma. Tishu ilikua na elektrodi zake ndani, na elektrodi zikasikiliza mdundo wa kwanza hadi wa baadaye.

Hapa ndipo njia mbili zilipokutana. Mwezi Aprili 2023, katika jarida la *Cell*, makundi ya Liu na Wang yalitangaza pamoja mbinu ya kusikiliza umeme na kusoma jeni katika seli zile zile. Tishu walizotumia ni vipande vya seli za moyo wa binadamu zilizooteshwa maabara, pamoja na vipande vya neva. Ugumu waliokutana nao ni wa aina ambayo mtu asiye fundi hawezi kuuwazia: wavu una elektrodi nyingi, unakunjamana ndani ya tishu, na mwisho wa jaribio, chini ya hadubini, utajuaje kwamba elektrodi hii ndiyo iliyotoa rekodi ile? Jibu lao lilikuwa kuchora kando ya kila elektrodi alama ndogo inayong'aa, ya kwake peke yake, inayosomeka kwa hadubini ile ile inayosoma RNA. Kwa alama hiyo, mstari wa umeme kwenye kompyuta unaunganishwa na seli yenyewe, na seli yenyewe na jeni zake.

Mwenyeji wangu hafanyi kazi katika maabara ile. Yake iko kwingine mjini, na ndiko alikonipeleka jioni kuona seli za moyo. Alitoa kisahani cha plastiki kutoka kwenye kabati la joto la nyuzi 37, akakiweka chini ya hadubini, akarekebisha kioo, akaniachia nafasi. Niliona kama ngozi nyembamba ya rangi ya maji ya mchele. Halafu ikajikunyata. Ikalegea, ikajikunyata tena, eneo zima kwa pamoja, bila damu, bila mishipa, bila mtu. Wimbi lilianzia upande mmoja na kukimbia hadi mwingine, na nilipokaza macho niliona pembeni kikundi kidogo kilichokuwa kikidunda kwa mwendo wake chenyewe.

"Hao bado hawajaungana na wenzao," alisema. "Kesho kutwa watakuwa wameshika mwendo mmoja, inshallah."

Seli zile zilianza kama damu ya mtu mzima. Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha mwaka 2006 kwa seli za panya, na mwaka uliofuata kwa za binadamu, kwamba jeni nne zikitiwa ndani ya seli iliyokomaa zinairudisha kuwa seli shina, na kutoka hapo inaweza kuelekezwa kuwa moyo, neva au ini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Seli za moyo zinazopatikana hivyo zina kasoro inayojulikana: zinafanana zaidi na moyo wa mtoto aliye tumboni kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo swali la jinsi zinavyokomaa, siku kwa siku, ni la msingi kabisa.

Na hapo ndipo akili mnemba inapopata kazi yake halisi. Wavu unaweza kuisikiliza tishu ile ile kwa wiki kadhaa bila kuidhuru. RNA husomwa mara moja tu, kwani kuisoma ndiko kuimaliza tishu. Basi watafiti huotesha vipande vingi vya namna moja na kuvisikiliza vyote tangu mwanzo, kisha kimoja wanakisimamisha mapema, kingine baadaye, kingine baadaye zaidi. Kila kipande kinatoa jozi, umeme wa seli na jeni za seli hiyo hiyo. Programu inajifunza uhusiano wa jozi hizo hadi inapoweza kupewa rekodi ya umeme peke yake, ya siku ambazo hakuna aliyesoma jeni, na kukadiria jeni zilikuwa katika hali gani. Katika kazi ya mwaka 2023 makadirio hayo yalilingana vizuri na ukuaji wa seli za moyo ulivyopimwa. Tunasikia mengi kuhusu akili mnemba inayoandika barua na kuchora picha. Hii mimi naiona ni kazi ya heshima zaidi, kwa kuwa inamwezesha mtu kujua historia ya seli iliyo hai bila kuiua, japokuwa ni kwa makadirio, na makadirio yanahitaji kupimwa kila mara.

Faida yake si ya nadharia. Halofantrini, dawa ya malaria iliyouzwa sana Afrika Mashariki wakati klorokwini ilipokuwa ikishindwa, iligundulika kwamba huchelewesha moyo kujipanga upya baada ya kila pigo, na kwa baadhi ya watu ucheleweshaji huo uliua. Dawa nyingine za magonjwa madogo, hata za mafua ya mzio, ziliondolewa sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Kwa nini mtu mmoja ameze asidhurike na mwingine afe? Sehemu ya jibu imo katika jeni zinazotengeneza matundu ya potasiamu kwenye utando wa seli za moyo. Tishu inayosikilizwa kwa wavu, jeni zake zikiwa zimesomwa, ni mahali pa kuliuliza swali hilo kabla dawa haijafika kinywani mwa mgonjwa.

Mwaka huo huo wa 2023 Christina Theodoris na wenzake walichapisha katika *Nature* programu iliyofundishwa kwa RNA ya seli za binadamu zipatazo milioni 30. Waliiomba izime jeni moja moja ndani ya hesabu zake na kutabiri seli ya moyo mgonjwa itakuwaje. Baadhi ya majibu yake walikwenda kuyajaribu kwa seli halisi maabara, na misuli iliyokuwa dhaifu ikaongezeka nguvu ya kujikunyata.

Kazi iliyonifikirisha kuliko zote ni ya viluwiluwi. Mwezi Juni 2025 kundi la Liu lilieleza, pia katika *Nature*, jinsi lilivyoweka wavu laini juu ya bamba la seli ambalo katika kiinitete cha chura hujikunja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Bamba lilipojikunja, wavu ukaingia nalo. Ubongo ukajengeka ukiwa na elektrodi ndani yake, kiluwiluwi kikaogelea kama wenzake, na watafiti wakasikia umeme wa neva tangu ubongo unapoanza kuumbika. Walifanya hivyo kwa akisoloti pia, amfibia wa majini wa Meksiko anayeweza kuotesha upya mkia uliokatwa. Galvani alimhitaji chura aliyekufa. Hawa wamemfuata chura kabla hajawa chura. Najua wapo watakaotishika kusikia mashine inakua ndani ya kiumbe, na hofu hiyo nisingependa kuipuuza. Kwa maoni yangu mpaka uwekwe wazi tangu sasa, kwa sheria na kwa mjadala, kati ya kumsikiliza kiumbe na kumwendesha.

Hofu yangu kubwa iko mahali pengine. Programu inajua seli ilizofundishwa nazo, na sehemu kubwa mno ya jenomu na seli zilizohifadhiwa duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika, ambako binadamu ameishi muda mrefu kuliko kwingine kokote, ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za jeni. Tukiiacha ramani ichorwe bila sisi, haitatufaa sisi, na itakuwa na matundu hata kwa wengine. Mfano ninaoutegemea ni wa jeni la PCSK9. Mwaka 2005 huko Dallas, Jonathan Cohen na Helen Hobbs waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi, wapatao 2 katika kila 100, wana toleo la jeni hilo lisilofanya kazi, na lehemu yao mbaya iko chini sana. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba maradhi ya moyo huwapata kwa nadra mno. Kutokana na ugunduzi huo zilitengenezwa dawa zilizoidhinishwa mwaka 2015, na leo zinatibu watu wa kila rangi.

Uganda nayo imeonyesha njia. Watafiti wanaofanya kazi na wakazi wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa nchi, walichapisha mwaka 2019 taarifa za jeni za watu 6,400, na karibu 2,000 kati yao jenomu zao zilisomwa nzima. Miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba tofauti moja ya jeni za himoglobini, ambayo huenda ilienea kwa sababu inakinga dhidi ya malaria kali, inagusa pia kipimo cha HbA1c ambacho madaktari hukitumia kupima kisukari. Daktari asiyelijua jambo hilo anaweza kuisoma karatasi ya mgonjwa wake kimakosa.

Kijana wa Kilifi anayajua hayo kuliko mimi, na ndiyo yanayomrudisha nyumbani. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kipo Kilifi tangu mwaka 1989, na wakati wa Uviko kilikuwa kikisoma jenomu za virusi pale pale mjini. Mashine za kusoma, alinieleza, si tatizo kubwa tena. Anachokitaka ni kuotesha seli za moyo kutokana na damu ya watu wa pwani na bara, azitandazie wavu, azisikilize, azisome, na matokeo yake yaingie katika kufundishia programu. Atahitaji makabati ya joto, nitrojeni kimiminika ya kuhifadhia seli kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na umeme usiokatika.

Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, wali wa nazi umekwisha, na mbele yetu karatasi za ombi lake la fedha. Nilidhani tutazungumza bajeti. Yeye akageuza kurasa hadi fomu ya ridhaa, ambayo anataka iandikwe kwa Kiswahili na Kigiriama kabla ya Kiingereza. Aliwahi kumsomea bibi yake fomu hiyo kwa simu, apime kama inaeleweka. Bibi alisikiliza habari ya damu inayogeuzwa kuwa moyo na kudunda kwenye kisahani, kisha akauliza maswali mawili. Hivyo vitakavyodunda huko vitakuwa vyangu au vyenu? Na mkipata dawa, itafika hapa Kilifi, na kwa bei gani?

Maswali hayo yana historia. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, seli za saratani za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, zikaoteshwa, na hadi leo zinatumika maabara nyingi duniani. Mwenyeji wangu ameyaweka maswali ya bibi yake juu kabisa ya fomu, kwa maneno yale yale. La kwanza amelijibu: seli zitabaki chini ya usimamizi wa kituo cha nyumbani, na mwenyewe anaweza kuagiza ziharibiwe wakati wowote. Chini ya la pili ameacha mistari mitupu, na amewaandikia wafadhili kwamba hatachukua damu ya mtu yeyote mpaka ijazwe.